Mpishi wa Misheni Anaonja

Mpishi mstaafu wa misheni haonji kwa kijiko. Hudondosha mchuzi kiganjani, huulamba, kisha hutazama dari mpaka apate jibu. Zamani harufu ya jiko lake ilitutoa kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Siku hizi hapa Ifakara kila mnywaji ana kichupa chake na simu yake. Yeye bado anafuata desturi, mwenye kinywaji hutangulia kunywa ili wageni wawe na amani. Lakini tangu augue mwaka jana, mchuzi wake umezidi chumvi, nasi marafiki zake tunakula bila neno.

Jumapili alitufungulia divai nyekundu ya zabibu za Syrah, aliyoachiwa na padre mmoja aliyerudi kwao, ikazeekea kabatini. Alidondosha kiganjani, akalamba, akatazama dari. Akadondosha tena, akalamba tena, dari isimpe jibu. Kisha akasukuma vikombe kwetu.

"Haya, wenzangu. Leo semeni ninyi."

"Kwani wewe umepata nini?" akauliza Fulgensi, nami nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Paskalina akaonja, akakohoa. "Haina sukari hata chembe. Mmh. Kama kambale aliyekaushwa kwa moshi."

"Na pilipili manga," nikasema.

"Na ngozi ya kiti cha baiskeli," akasema Fulgensi, ambaye sasa alikuwa ameelewa.

Mpishi alifumba macho, taya zikitembea taratibu. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Na nini tena?"

Tukaendelea kumwambia, kwa zamu, mpaka chupa ikaisha.