Alama za Mwanachuo wa Chunyu

Mtaala mpya wa ualimu ulipoanza, nilikuwa mkufunzi chuoni Nachingwea. Nilitumwa Ruangwa, kwenye shule moja ya Chunyu, kumkagua mwanachuo wangu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha.

Siku hiyo alifundisha hesabu za kutoa, darasa la kwanza, kwa Kiswahili. Watoto walimtazama tu. Kisha akamwaga korosho mezani, akaanza kuwauliza kwa Kimwera, lugha ya nyumbani kwao. Darasa likachangamka. Hata binti mmoja aliyekuwa amejiinamia nyuma alikuja mbele kuhesabu.

Kwenye fomu yangu, kipengele cha lugha kilitaka Kiswahili peke yake. Hapo nikampa sifuri.

"Lakini mkufunzi, si wameelewa?" aliniuliza tulipokaa nje.

"Wameelewa."

"Sasa nimekosea wapi?"

"Fomu haiulizi kama wameelewa." Nilimjibu bila hasira wala huruma. Aibu nayo haikuja, ingawa niliisubiri.

Wiki mbili baadaye nilirudi kumkagua mara ya pili. Alifundisha kwa Kiswahili kitupu, hatua kwa hatua, kama andalio lake la somo lilivyosema. Watoto waliitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu." Yule binti hakuinua kichwa. Nikampa mwanachuo alama zote. Akasaini fomu, akanishukuru, akanikaribisha chai. Nikanywa. Kisha nikapanda bodaboda kwenda shule ya pili, ambako mwanachuo mwingine alikuwa ananisubiri.