Mama Rosine na Kimya Kilichohesabiwa Kuwa Ndiyo

Saa nne asubuhi, stationari iliyo jirani na soko la Mpanda imejaa watu. Emerensiana Kasonso amekaa mbele ya kompyuta, vidole juu ya kibodi. Havisogei. Mteja mwenye kitambulisho mkononi anarudia kwamba anataka kopi mbili, na bado havisogei.

Kwenye kioo kuna mstari mmoja wa Kiingereza. Unasema hoja imepita kwa sababu hakuna aliyepinga.

"Nilisikia masikio yanavuma," anakumbuka. "Maana mimi nilikuwa nimepinga. Siku zote zile nilipinga kwa kunyamaza."

Emerensiana ana miaka arobaini na sita. Ni mzaliwa wa Ikola, na mtaani kwake Misunkumilo wanamwita Mama Rosine. Riziki yake ni kuchapa barua za watu na kutoa kopi. Kazi yake ya pili haina mshahara: ni mmoja wa watunzaji wa Orvo, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Orvo si mali ya kampuni. Mtu yeyote duniani anaweza kuichukua bure, kuisoma ndani nje na kupendekeza marekebisho. Watunzaji, watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, ndio wanaoamua lipi liingie na lipi likae nje.

Alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni kwenye ukumbi wa parokia. Alipoona wenzake wanakwama kwa sababu kompyuta inawaeleza makosa yao kwa Kiingereza, alianza kuyatafsiri maelezo hayo kwa Kiswahili, moja moja, kwa bando la shilingi elfu mbili kila alipopata. Mwaka jana watunzaji walimpigia kura, akawa mwenzao.

Kisha ikaja hoja. Richard, aliyeianzisha Orvo na anayeishi ng'ambo, alipendekeza toleo lijalo lisifanye kazi tena kwenye kompyuta za zamani. Zinachelewesha kazi, aliandika, na hakuna anayezitumia.

Darasa la parokia lina kompyuta tisa. Zote ni za zamani.

Kwa utaratibu wao, hoja hubandikwa hadharani kwa siku kumi. Asipotokea mtunzaji wa kuipinga, imepita. Mama Rosine aliijua kanuni hiyo. Aliandika pingamizi akalifuta, akaandika tena akafuta tena. Aliona aibu kumkatalia mwenye lugha yake mbele ya dunia nzima.

"Kwetu mtu mzima akinyamaza kikaoni, mwenye kikao anajua kuna neno," anasema. "Atakufuata nyumbani, akuulize taratibu. Nikangoja nifuatwe."

Hakuna aliyemfuata.

Jioni ya siku ile hoja ilipopita alimweleza mwalimu wa darasa, Optatus Ndalu, akitegemea kuhurumiwa. Optatus alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama Rosine, umeposwa ukanyamaza. Sasa unashangaa kusikia ngoma?"

Halafu akaacha kucheka. Toleo jipya likitoka, alimweleza, darasa litabaki na la kale ambalo hakuna atakayelirekebisha tena. Lakini hoja iliyopita inaweza kufunguliwa upya kabla ya hapo, mtunzaji akileta sababu mpya. Akamuuliza kama yeye ni mtunzaji au ni mgeni mwalikwa.

Jumapili baada ya misa alibaki kwenye benchi akisali. Anasema hakuomba ushindi. Aliomba mkono usifute tena. Alasiri akaandika kwa Kiingereza cha kukwamakwama, akiwa ameanza na neno ambalo hakukubali kuliacha: Shikamoo. Akazieleza kompyuta tisa na watu wanaozipokezana. Akabandika.

Jibu la Richard lilimshtua kuliko hoja yenyewe. Aliandika kwamba alidhani Mama Rosine amekubali, na kwamba hakujua kompyuta hizo zipo. "Bado naamini hoja yangu ni sahihi," alimalizia. "Lakini kura yangu ni moja, kama yako."

Watunzaji wakapiga kura hadharani. Richard aliipigia hoja yake, akashindwa. Mama Rosine alisoma matokeo akasimama, akakaa, akasimama tena. Mwanzilishi ameangushwa nyumbani kwake, na hakuna aliyefukuzwa.

"Nilikaa nikisubiri hasira," anasema. "Mpaka leo naisubiri."

Kilichokuja ni sharti. Kompyuta za zamani zitabaki ikiwa tu mtu atajitwika kujaribu kila badiliko kwenye kompyuta hizo na kurekebisha litakaloharibika. Asipopatikana kabla ya toleo la Desemba, zinaondolewa. Richard akauliza nani anaweza.

Mama Rosine, ambaye nusu ya kazi hiyo hakuwa ameisomea, akaandika: mimi.

Jaribio la kwanza lilikwama sehemu kumi na saba. Zimebaki nne, na moja kati ya hizo hajui hata aianzie wapi. Anayemwelekeza ni Richard yuleyule, ambaye siku hizi humwamkia shikamoo ingawa Richard ndiye mkubwa kwa umri. Mama Rosine amemrekebisha mara kadhaa, haelewi.

Anachokiogopa sasa ni kuwa peke yake. "Nikiugua wiki moja, nyie mmekwisha," huwaambia wanafunzi. Kwa hiyo anamfundisha mmoja wao, Dorotea, binti wa mkulima wa kijiji cha Litapunga, na anapanga kumpendekeza Desemba awe mtunzaji. Anamwombea kila siku, ila alimpa mtihani kwanza: akague kazi ya mwalimu wake na aseme ukweli.

"Wiki iliyopita alilikataa badiliko langu, mbele ya watu wote," anasema Mama Rosine. "Nililia kidogo. Halafu nikamshukuru Mungu, nikalirekebisha."