Majani ya Ng'ombe na Moyo wa Ndeshi

Siku yangu ya kwanza kwenye wodi ya watoto, Moshi mjini, Sista Msimamizi alininyang'anya thamometa. "Hiyo hata mimi naweza kuisoma. Kaa hapa, mshike mtoto huyu mkono, uhesabu mapigo akiwa amelala." Alinifundisha kwamba mtoto aliye macho moyo wake hukimbia kwa kuogopa sindano tu, aliyelala hana cha kuogopa. Ukikuta homa imeshuka na mapigo bado yanakimbia usingizini, mwite daktari. Kazi hiyo niliifanya, na niliifanya vizuri.

Yakaja yale mafua makali yaliyozunguka dunia. Kutoka Kahe hadi Machame kila nyumba ilikohoa. Watoto wengi walipona. Wachache homa iliwaacha, ugonjwa ukashukia moyoni: misuli ya moyo inavimba, mtoto anahema kwa kupanda kitanda tu, miguu inajaa maji. Daktari Mkuu hakuwa na dawa ya kuung'oa. "Apumzike," alisema. "Asinyanyue hata ndoo mpaka niseme mimi."

Ndeshi, msichana wa Machame, alikuwa mmoja wao. Alipopata nafuu baba yake alikuja kumchukua. Nikamweleza maneno ya daktari. Akaitikia "ndiyo, sista, ndiyo, sista," macho yako dirishani. Hizo "ndiyo" nilizijua. Baba wa mtoto mwingine alinipa kama hizo, mtoto akaanguka mlimani na mzigo wa majani kichwani. Huyo tulimzika.

"Baba Ndeshi," nikamwambia, "ng'ombe wako anakula nini?"

"Majani. Si yuko zizini?"

"Nani anayaleta kutoka bondeni?"

Akajikuna shingo. "Mama yake ni mfee." Ndivyo tunavyomwita aliyejifungua, anayekaa ndani akilishwa. "Hatoki. Huwa ni Ndeshi."

"Basi utabeba wewe."

"Mimi? Nipite na majani kichwani kama mwanamke mbele ya wanaume wanaokunywa mbege? Sista, wewe umeolewa kweli?"

"Nimeolewa, na nina mtoto anayenyonya. Wako namrudisha kitandani sasa hivi usipoahidi. Chagua mwenyewe: walevi wakucheke, au majirani waje na pole."

Sista Msimamizi alikuwa akikunja shuka. Hakugeuka. "Endelea," akaniambia.

"Nitabeba begani," baba akasema.

"Beba hata kwa meno. Ndeshi asiguse."

Sasa nina mimba ya pili, na utaratibu unasema nesi mwenye mimba aache kazi, arudishe sare. Nimeirudisha, nimeipiga pasi kwa hasira mpaka kola ikaungua. Aliyeandika utaratibu huo hajawahi kumshika mkono mtoto aliyelala. Lakini kazi naijua, na haikubaki kwenye sare. Nyinyi wasichana mnaoingia wodini, msimwambie mzazi "apumzike" halafu mkafunga mlango. Ulizeni kazi ya mtoto huyo ataifanya nani, na msimwache mtu aende mpaka amtaje kwa jina.

Juzi nilipanda Machame kwa mama yangu. Karibu na kilabu cha mbege nikaona furushi la majani linapanda mlima kwa miguu mirefu ya kiume.

"Huyo mke wa nani?" walevi wakapiga kelele.

"Wa ng'ombe!" furushi likajibu. "Nipisheni, mume wangu ana njaa."

Nyuma yake, polepole kama daktari alivyoruhusu, alikuja Ndeshi. Alikuwa amebeba kofia ya baba yake, basi.