Kitovu cha Mjukuu Wangu

Kazi yangu ni kuchoma. Mimi ndiye mama wa tanuri hapa Tororo, mahali ambapo pikapu huleta taka za hospitali na zahanati: sindano zilizotumika, bandeji, glavu, mirija ya damu, na vile vitu vya chumba cha kujifungulia ambavyo watu hawapendi vitajwe wakati wa chakula. Mzigo wa Majanji, kule ziwani, mimi huujua kwa harufu kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Kule dagaa huanikwa mpaka karibu na mlango wa zahanati, na visanduku vya sindano hufika vimegandwa na magamba. Dereva huapa kwamba hajabeba samaki. Mimi humwambia ajinuse kwanza, halafu ndipo aape.

Nyumbani kwangu ni Masinya, upande wa Busia ya Uganda. Nyuma ya nyumba kuna mgomba, na chini ya mgomba huo nilizika kitovu cha binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Nilikizika mwenyewe, yeye akiwa amelala mgongoni. Kwetu ndivyo inavyofanywa. Kitovu kikishaanguka, mama aliyezaa hukileta kwa miguu yake, pamoja na mtoto. Hakitumwi kwa mtu wala hakipakiwi kwenye basi kama kifurushi cha nguo. Mpaka leo, binti yangu akinijia moyoni, mimi huchukua jembe nikaupalilie mgomba ule, hata kama gugu lenyewe halipo.

Na hunijia sana. Alivukia Busia kwenda Nairobi akiwa na begi moja, akaniambia tutaonana Krismasi. Akapata kazi ya kusuka nywele. Krismasi ikaja, ikapita, na nyingine nyuma yake. Kupiga simu anapiga, siwezi kumsingizia. Lakini simu haikwangui ukoko wa sufuria huku ikicheka mpaka majirani waulize kuna nini. Namtaka yeye mzima, na kelele zake.

Alipokuwa mdogo nilikuwa nabeba kazi mpaka nyumbani. Wembe, pamba yenye damu, plasta ya kidonda, hakuna kilichotupwa ovyo kwangu. "Kilichotoka mwilini mwa mtu kina mahali pake," nilimwambia kila mara. "Mfuko mwekundu, kisha moto." Yeye alikuwa anasimama wima, fagio begani, ananipigia saluti: "Sawa, afande!" Nilikuwa nafukuzana naye uani, tukiishia kucheka wote wawili.

Mwaka jana aliniambia ana mimba. Baba wa mtoto hakuwa amefika kwetu kujitambulisha, na haikuonekana kama atafika. Wifi yangu alikuja kunipa pole. Nilimkaribisha chai, nikamwitikia kwa uso wa huzuni, lakini ndani yangu nilikuwa nashangilia. Mtoto wa namna hiyo ni wetu. Kitovu chake kitakuja Masinya, na mama yake atakileta, atake asitake. Nilinunua leso mpya ya kumbebea mtoto. Nikalainisha udongo kando ya mgomba ule, nikauzungushia mawe ili kuku wasiuchakure.

Alijifungua hospitalini huko Nairobi, mtoto wa kike. Habari za kondo la nyuma sikuuliza. Najua vizuri linakokwenda. Lakini kitovu huanguka nyumbani, mikononi mwa mama, na hakuna pikapu inayokuja kukichukua. Kwa hiyo nilingoja. Simu ilipolia nilikuwa kazini, nikavua glavu upesi nipokee.

"Mum, kitovu kimeanguka," akasema. "Na kimekauka poa, hakuna shida."

"Asante Yesu! Sasa umekiweka wapi?"

"Nilikifunga kwa pamba, nikapelekea sista pale kliniki. Akakitupa kwa ule mfuko mwekundu." Nikasikia anavyojivunia. "Si ni vile ulinifunza? Sijasahau, afande."

Sikumkaripia. Ningeanzia wapi? Nilisema vizuri mama, umefanya vizuri, nikarudi kwenye tanuri. Mzigo wa Molo, hii ya kwetu Tororo, ulikuwa umefika. Nilipoushika mfuko mwekundu wa kwanza nilimuuliza dereva umetoka wapi, ilhali nilijua. Taka za Nairobi hazivuki mpaka. Huko wana matanuri yao, na watu wao wa kuchoma. Dereva akaniangalia, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni moshi.

Kusema kweli, sikuwa nakililia kile kitovu. Ni kitu kidogo kikavu, nimeshachoma vikubwa kuliko hicho. Nililia kwa sababu sasa hana kinachomlazimu kuja.

Jioni nikampigia mimi mwenyewe.

"Mama, wewe kuja tu," nikamwambia. "Kuja bila kitu. Lete huyo mtoto mimi namuona."

Nyuma yake nikamsikia mjukuu wangu akilia, sauti nyembamba yenye hasira, mara yangu ya kwanza kuisikia. Nikaibana simu sikioni.

"Tutakuja, Mum," akasema. "Tutakuja Krismasi."

Nikamwambia sawa.