Ngoma ya Canal ya Kumi

Mungu alimpa Herménégilde Hatungimana mikono miwili mizuri na sauti moja mbaya, naye hakuwahi kulalamikia mgawanyo huo. Anauza mchele wa Runingu katika soko la Kavimvira, na wateja wake wanajua kwamba kabla ya kupimiwa watapigiwa kwanza, kwa kuwa vidole vyake havipiti juu ya debe, meza wala kifuniko cha sufuria bila kukigonga. Mkewe, Olive, alishazoea. Husema siku vidole vya mumewe vikinyamaza ndiyo siku ya kumpeleka hospitali.

Katika kwaya ya parokia, basi, alikuwa mpiga ngoma tangu alipohamia mjini akiwa kijana, na alikuwa mpiga ngoma tu. Zamani, katika Majilio fulani, mtu mwenye roho nzuri alipendekeza aimbe pia. Akaimba. Padri aligeuka kutoka altareni akauliza kama kuna mgonjwa.

Halafu ziwa likapanda. Tanganyika, jirani mwenye adabu miaka yote, liliingia Kavimvira bila viza wala jeton, kile kibali cha mpakani, likakaa ndani ya nyumba za watu kama mkwe asiye na haraka. Chumba cha kwaya nacho kilijaa. Ngoma mbili ndogo zilioza. Ile kubwa ilionekana asubuhi moja ikielea kuelekea upande wa Burundi, na wanakwaya wakakubaliana kwamba imekimbia, na kwa hilo hakuna aliyeweza kuilaumu.

Tangu hapo Herménégilde alikuwa akija mazoezini mikono mitupu, anaketi benchi la mbele, mahali pake pa siku zote, anapiga mapaja. Félicité, mwalimu mstaafu anayeongoza kwaya, alilivumilia jambo hilo mpaka mwaka huu. Baada ya Pasaka akasema mbele ya wote:

"Papa Herméné, minye nakuheshimu sana. Lakini kwaya haiko cinéma, hakuna kiti ya kutazamia. Pentekoste ikifika, ao uko na ngoma, ao unaimba basse na wenzako, ao unakaa kule na waumini wengine."

"Basse tuko ya kutosha," akasema haraka Kizito, mkubwa wa sauti za chini. "Afazali ngoma, Mwalimu. Tunakuomba."

Watu wakacheka, na Herménégilde akacheka nao, akarudi nyumbani akiwa hajakimeza kicheko chenyewe. Mtu anaweza kupoteza mashamba, akapoteza hata nyumba, akajipangusa. Lakini kuketi na waumini wengine, mbele ya watu waliokuzoea ukiwa huku, ni kama kuzikwa huku unaangalia.

Angeweza kuagiza ngoma nyingine ya mti na ngozi. Aliifikiria. Lakini kila alipoifikiria aliiona ikielea. Alitaka ngoma inayoweza kuwekwa juu ya kabati siku ziwa likirudi, na ngoma ya namna hiyo aliiona Bujumbura, katika duka moja, ndani ya video: kijana anagusa ubao mdogo kwa vidole viwili, na ngoma za ukumbi mzima zinalia. Ubao wenyewe ulikuwa na ukubwa wa Biblia, una vibonye vya mpira kumi na sita, vinawaka rangi. Muuzaji alisema ni wa bei ya chini lakini kazi yake ni ileile. Herménégilde aliamini nusu ya kwanza kwa sababu aliiona, na nusu ya pili kwa sababu aliihitaji, akalipa.

Mpakani, afisa wa douane aliugeuza ubao huku na huku.

"Ni kitu gani hii, papa?"

"Ngoma."

"Ngoma? Ngozi yake iko wapi?"

"Haina ngozi. Ni ya kisasa."

"Basi piga tusikie."

Herménégilde akapiga. Pu, pu, pu, kama mtu anayetoa vumbi kwenye godoro. Afisa akasikiliza kwa makini mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa haki.

"Hii ni calculatrice, ya kupigia hesabu," akaamua. "Tena imekufa. Pita."

Njia nzima Herménégilde alimcheka yule afisa moyoni.

Nyumbani alitafuta tundu la kuingiza waya wa amplifier, hakuliona. Kulikuwa na waya mmoja tu, mfupi, wa kufanana na wa simu. Akauchomeka kwenye chaja ya simu ya Olive. Taa nyekundu ikawaka, na nyumba nzima ikapata matumaini.

"Iache ishibe kwanza," akasema Olive.

Wakaiacha ishibe toka asubuhi mpaka kengele ya jioni. Akapiga. Pu, pu, pu.

"Pengine ingali na njaa," akasema Olive. Akachukua karatasi ya maelezo, iliyoandikwa Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na juu yake picha ya kijana anayetabasamu. "Ule kijana iko nacheka nini?"

"Anafurahia muziki."

"Hapana. Iko nacheka juu yeye hakuinunua."

Kesho yake aliibeba mpaka kwa Michée, mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na barrière ya mpakani. Michée ana ordinateur, kompyuta ambayo ni mzee kuliko ndoa nyingi za mtaa huo, na anaheshimiwa kwa kuwa ndiye peke yake anayejua inapenda nini. Akauchomeka ubao, akatazama kioo, akatikisa kichwa.

"Papa Herméné, shida ni moja. Inakosa pilote."

Herménégilde alimjua pilote wa aina moja, yule anayekaa nyuma ya mtumbwi wa injini na kuushika usukani. Hakutaka kuonekana mshamba, kwa hiyo alisema, "Ah, naona," akaenda nyumbani kumwuliza mkewe.

"Pilote?" akasema Olive. "Ngoma yenu ile ingine ilikwenda Burundi bila pilote, na ilifika."

Kumbe pilote wa ordinateur ni programu, naye anakaa ndani ya internet. Michée alimtafuta asubuhi nzima, huku ordinateur ikipumua kama ng'ombe anayepanda milima ya Mulenge. Mwishoni akapatikana, akaingizwa, na Michée akasema kwa sauti ya padri anayebariki, "Piga sasa."

Herménégilde akapiga, na sauti ikatoka. Ilikuwa ya piano.

Akapiga kibonye kingine, ikatoka piano nyembamba zaidi. Akapiga mapigo ya wimbo wa Utukufu, yale ambayo mikono yake inayajua kuliko jina lake, na ikawa kama mbuzi amekatiza juu ya kinanda cha masista.

"Ngoma iko wapi?" akauliza.

"Ngojea, nikuelezee," Michée akasema. "Hii kintu yenyewe haina sauti. Weye unapiga, yenye inatuma namba. Ordinateur ndiyo inasoma namba, inatoa sauti."

"Inatuma nini?"

"Namba. Namba tu."

Herménégilde akautazama ubao. Alikuwa anamkumbuka yule afisa wa douane. Katika watu wote waliokwisha kuigusa ngoma ile, akiwamo muuzaji, ni yule peke yake aliyekuwa ameielewa.

Michée, naye akiwa amefika mwisho wa elimu yake, alimtumia ujumbe wa sauti mpwa wake Délice, msichana anayepiga kinanda katika kwaya moja ya Bukavu. Jibu lilikuja mara moja, na Michée akaliweka kwa nguvu ili wote wawili wasikie:

"Tonton, umwambie ule papa, ngoma yake inapitisha namba ku canal ya moja. Aitoshe pale, aipeleke ku canal ya kumi. Ngoma zote zinakaaka ku canal ya kumi. Ni vile dunia nzima."

Hapo ndipo uso wa Herménégilde ulipokunjamana.

Inafaa kueleza. Katika mashamba ya mpunga ya Runingu alikokulia, maji yaligawanywa kwa mifereji, na kila mfereji, au canal kama walivyouita, ulikuwa na namba yake. Canal ya moja ilikuwa karibu na mto, na wenye mashamba pale walikuwa watu: walivuna mapema, waliongea kwanza mkutanoni, waliketi mbele kanisani. Canal ya kumi ilikuwa mkiani kabisa. Maji yalifika pale yakiwa yamekwisha kusalimia kila mtu. Shamba la baba yake lilikuwa canal ya kumi. Watoto wa Runingu walipotaka kumliza mwenzao hawakumtukania mama. Walimwambia tu, "Weye wa kumi!" na inatosha.

"Nani iko ku canal ya moja?" akauliza taratibu.

"Piano, mi naona."

"Naona." Akauchomoa waya. "Huyo Délice yako, kule Bukavu anakunywa maji ya wapi?"

Michée alishangaa. "Ya robinet, ya bomba."

"Basi. Muntu wa robinet anajua nini juu ya canal? Minye nimetoka kule kwa miguu yangu. Sirudi kwa vidole."

Michée aliwaza kwamba pengine ni malaria, akamwambia apumzike.

Kwa hiyo zoezi la mwisho kabla ya Pentekoste lilimkuta Herménégilde benchi la mbele, ubao mezani, ordinateur ya Michée pembeni na Michée mwenyewe nyuma yake kama muuguzi, waya umeingia kwenye amplifier ya parokia, na kila kitu kiko canal ya moja. Alikuwa amejishawishi kwamba piano ikipigwa kwa nguvu ya kutosha itakubali. Félicité akainua mkono. Kwaya ikaanza Utukufu. Mbuzi akapita juu ya kinanda.

Félicité akashusha mkono.

"Papa Herméné. Ile ni nini?"

"Ni ngoma, Mwalimu."

"Iko naongea kama piano."

"Ingali inajifunza."

Kwaya ilicheka mpaka Consolée, wa sauti za juu, akakalia kitabu. Félicité hakucheka. Alitoa karatasi ya basse kwenye bahasha yake, akaja nayo polepole, akaiweka mezani juu ya ubao, kwa upole wa kumfunika marehemu uso. Kizito akasogea kidogo kwenye benchi lake kumfanyia nafasi, kisha akasogea zaidi.

Herménégilde akaiangalia ile karatasi. Akaliangalia benchi la basse, na nyuma yake, mbali, mabenchi ya waumini wengine.

"Michée," akasema bila kugeuka. "Peleka."

"Wapi?"

"Kule kwa mukia."

Michée alikandamiza kitufe kimoja upande wa ubao, akagusa kibonye cha kumi. "Piga."

Akapiga, na ndani ya kanisa la Kavimvira ikalia ngoma kubwa, ileile iliyokimbia, au ndugu yake wa tumbo moja. Consolée alipiga kigelegele. Kizito alifanya ishara ya msalaba.

Herménégilde peke yake hakufurahi. Alikuwa anautazama mkono wake. Mkono ulishuka, ukapanda, ukawa tayari hewani, ndipo sauti ikatoka. Akapiga tena. Ikachelewa tena, kidogo, kama mtu anayeitwa akajibu akiwa bado anavaa viatu.

"Inachelewa," akasema.

"Ordinateur ni muzee," Michée akamtetea mgonjwa wake. "Inafikiri kwanza."

Lakini Herménégilde aliijua dawa ya hilo kuliko alivyotaka. Canal ya kumi maji yanafika, ila yanachelewa. Baba yake hakungojea mpunga uone kiu; alifungua tuta mapema, kabla ya haja, na maji yakafika na haja pamoja. Basi akaanza kupiga mapema, nusu pumzi mbele ya wimbo, na sauti ikaangukia mahali pake.

Ingekuwa mwisho mzuri kama wanakwaya wangekuwa na masikio. Wao walikuwa na macho. Miaka yote waliimba kwa kufuata mikono ya Herménégilde, Félicité mwenyewe akiwamo, ingawa asingekiri. Mikono ilipotangulia, wakatangulia nayo. Alipoona wameipita ngoma, akawahi zaidi. Nao wakawahi. Utukufu uliondoka kama unakimbizwa, ukafika Amina bila kupumua, na baada ya kwaya yote kunyamaza ngoma ikalia peke yake, mara mbili, kama mtu aliyechelewa misa na bado anatafuta benchi.

Michée alianza kukunja waya wake.

Félicité alisimama akiwaza, kidole mdomoni. Alisahihisha madaftari ya watoto maisha yake yote, na alikuwa anajua kutofautisha kosa la kuhesabu na kosa la kuketi vibaya.

"Papa Herméné, uende nyuma."

"Nyuma wapi, Mwalimu?"

"Nyuma ya ile nguzo ya mwisho. Wakusikie, wasikuone."

"Kule kwa mulango?"

"Kulekule. Ao unataka kuimba?"

Akabeba meza yake. Akapita sauti za juu, akapita sauti za kati, akapita Kizito aliyemsaidia kubeba waya kwa bidii isiyo ya kawaida, mpaka nyuma ya nguzo, ambako mtu anasikia zaidi pikipiki za barabarani kuliko Injili. Wakajaribu tena. Ngoma ilianguka pale wimbo ulipokanyaga, hatua kwa hatua, na Félicité akafumba macho.

Jumapili ya Pentekoste kanisa lilijaa, na waumini waligeuza vichwa huku na huku wakitafuta ngoma ile inatoka wapi. Wengine, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa ya sauti zinazotoka mbinguni, hawakuitafuta tena.

Baada ya misa Olive alimkuta nje.

"Nimesikia ngoma. Sikukuona."

"Nilikuwa ku canal ya kumi."

Olive naye ni wa Runingu. Wakatembea kidogo.

"Maji yalifika?"

"Yalifika," akasema. Kisha akasimama njiani, maana lilikuwa linamsumbua. "Ila mpaka sasa sielewi, mama. Kama ngoma dunia nzima ziko kwa mukia, juu ya nini kila wimbo unazingojea?"

Nyumbani Olive akaweka sufuria ya wali mezani, na kabla ya sala vidole vya Herménégilde vikagonga kifuniko, kwa mazoea, nusu pumzi mapema.

Sauti ikatoka palepale. Akashtuka.