Inchi Mbili Kwenda kwa Mama

Bomba la uani kwa mama mkwe wangu linatoa maji vizuri sana. Nilikwenda huko mwezi uliopita nikalifungua, maji yakatoka kwa nguvu mpaka yakanilowesha khanga, nikalifunga, nikakaa kizingitini nikalia. Jirani aliyekuja kuchota alinisalimia, akasubiri nimalize, kisha akachota akaenda zake. Watu wa kule wana adabu ya kumwacha mtu alie. Nyumba imefungwa kufuli, mbuzi waligawanywa kwa ndugu, na wanaofaidi maji yale ni majirani wa kitongoji kizima, jambo ambalo ni jema na nalisema kwa moyo mweupe. Lakini bomba lile, lililochelewa kufika, halikuchorwa kwa ajili ya majirani. Mume wangu alilichora kwa ajili ya mama yake.

Tulikuwa wafanyakazi wa idara moja, mimi na yeye, idara ya maji. Mimi katibu muhtasi, yeye mchoraji wa ramani za miradi. Tulikuja Dodoma na uhamisho, serikali ilipohamia huku, tukapanga Area D, halafu polepole tukajenga Ipagala. Mimi ni mtu wa Tanga. Vumbi la Dodoma lilinipokea kwa mafua ambayo nadhani hayajaisha mpaka leo. Yeye alikuwa anarudi karibu na kwao, maana alizaliwa kijiji kimoja cha mbele kidogo ya Kolo, wilayani Kondoa, kule watalii wanakokwenda kutazama michoro ya kale kwenye miamba. Nilikuwa namtania kwamba uchoraji ameurithi: babu zake walichora twiga, yeye anachora mabomba. Alikuwa ananijibu kwamba twiga hawajawahi kumpelekea mtu maji.

Mama yake alikuwa anaishi peke yake kwenye kitongoji kilicho mgongoni mwa kilima. Maji yake yalikuwa korongoni. Mtu asiyefika Kondoa asidhani nasema mto. Nasema mchanga mtupu, mweupe, unaopita katikati ya kingo zilizoliwa na mvua za zamani. Unachimba shimo kwa mikono, unakaa pembeni unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kikombe mpaka ndoo ijae, halafu unaipandisha ile ndoo kichwani kwenye mteremko ambao mimi, tena mikono mitupu, niliupanda nikihema. Mama aliupanda tangu alipoolewa.

Tulimleta Ipagala akae nasi, hakukaa. Alisema mbuzi wake watamsahau. Lakini zile siku chache alizokaa nilimjua vizuri kuliko miaka yote niliyokuwa namwamkia shikamoo na kuondoka. Kila alipofungua bomba la jikoni alitanguliza ndoo chini yake hata kama alitaka kunawa vidole tu, na alilifunga kwa mikono miwili, akibana kwa nguvu zake zote, mpaka fundi akaja kubadilisha koki. Siku moja alisimama mbele ya lile bomba muda mrefu, akaniambia, “Mwanangu, maji yenu yanakaa ukutani.” Hakusema kwa wivu. Alisema kama mtu anayesifia watoto wa mwenzake.

Usiku huo mume wangu aliapa kwamba mama yake naye atakuwa na maji uani kabla magoti hayajamkataa.

Na haikuwa ndoto ya mlevi. Kijiji chao kilikuwa tayari kwenye orodha ya miradi yetu. Tenki lilikuwepo juu ya kilima, na bomba la zamani la chuma lilishafika shuleni. Kilichobaki ni tawi la kutoka shuleni kwenda kitongojini, bomba la inchi mbili, na kutoka hapo vijibomba vya kuingia kwenye nyua za watu. Alilichora tawi hilo mwenyewe. Tulipokwenda kumsalimia mama tukamwonyesha bomba litakaposimama, karibu na mlango wa jikoni. Tuliporudi safari iliyofuata tulikuta amekwishaleta jiwe bapa, amelilaza pale pale, ili ndoo isikae kwenye tope. Nani alimsaidia kulivuta hakusema.

Sasa ndipo ikaja ile habari ya milimita.

Nchi hii ilianza kupima kwa mita na kilo kabla mimi sijajua kusoma. Lakini ingia ofisini kwetu wakati ule, ungedhani Mwingereza ametoka kidogo kunywa chai na atarudi. Mabomba yalikuwa ya nusu inchi, robo tatu, inchi moja, inchi mbili. Michoro ya zamani ilikuwa ya futi. Matenki mengine yaliandikwa kwa galoni, na hakuna mtu kati yetu aliyewahi kuiona hiyo galoni ikoje. Siwalaumu, maana hata leo nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini uombe bomba kwa milimita, muuzaji atakuuliza ndiyo inchi ngapi hiyo. Basi likaja agizo kutoka juu: kufikia mwisho wa mwaka wa fedha, idara nzima iwe imehama. Michoro, stoo, maombi ya vifaa, vyote kwa mita na milimita. Ombi lolote litakalokuwa na neno inchi lisipokelewe.

Ikaundwa kamati, na mume wangu akawekwa humo kwa sababu alikuwa na kichwa cha hesabu na mwandiko wa kupendeza. Alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Alitembea na futi kamba mfukoni mwa shati, ile ya chuma inayojirudisha yenyewe, yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na kwa wiki kadhaa nyumba yangu haikuwa na amani. Alipima mlango, akapima kitanda, akapima sahani yangu ya wali nikiwa nakula. Nilimwambia siku akinipima kiuno mimi nitarudi Tanga. Alicheka mpaka akapaliwa.

Waliandaa jedwali la kubadilishia vipimo. Inchi moja ni milimita ishirini na tano na kitu, kile kitu kikaachwa. Inchi mbili, hamsini. Mimi ndiye niliyelichapa, likabandikwa kila chumba. Wakubwa walilipitia kikaoni, wakaitikia kwa vichwa, wakasaini, tukanywa chai. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Mpe mtoto wa darasa la tano, atakuambia ni sahihi.

Ila bomba si mstari kwenye daftari. Bomba la chuma la zamani liliitwa inchi mbili kwa tundu lake, yaani ile nafasi ya ndani yanamopita maji. Haya meusi ya plastiki ya siku hizi yanaitwa kwa unene wa nje, pamoja na ngozi yake. Kwa hiyo aliyezoea inchi mbili za chuma, kwenye plastiki anatakiwa kuomba sitini na tatu. Sisi tuliomba hamsini. Na kwa bahati mbaya hamsini lipo, linatengenezwa, linauzwa, wala hakuna mtu wa kukuuliza kama una uhakika. Yalikuja mabomba mapya, mazuri, yameviringwa, yakashushwa shuleni kule kijijini, na fundi alipojaribu kuunganisha la kwanza likacheza ndani ya kiungio kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Hata kama lingebanwa kwa namna fulani, maji yasingekuwa na nguvu ya kupanda mpaka kitongojini.

Fundi alipiga simu ofisini mchana. Mimi ndiye niliyepokea, nikamuunganisha na mume wangu, na kupitia kioo cha mlango nikamwona akisikiliza. Alitoa ile futi kamba, akavuta kipande kidogo, akakitazama, akakiachia kikarudi.

Hapo ndipo nilipojua kuwa kosa la ofisi halina mwenyewe mpaka mtu mmoja akubali kulibeba, na nilikuwa nimeolewa na mtu huyo. Wote walisaini, lakini yeye peke yake ndiye aliyeacha kula. Jedwali lilisahihishwa haraka, karatasi mpya zikabandikwa juu ya zile za zamani. Mabomba je? Mabomba yalitakiwa kurudishwa kwa muuzaji, ombi liandikwe upya, lipite kote lilikopita mwanzo, na wakati huo mwaka wa fedha ukaisha na fungu likafungwa. Mkubwa wetu hakuwa mtu mbaya. Kila mume wangu alipoingia kwake alimkaribisha kiti, akamweleza kwa upole kwamba utaratibu ni utaratibu na vijiji vingine navyo vina watu. Ilikuwa kweli. Nina hasira na ukweli ule hadi leo.

Tulikwenda kumweleza mama. Mume wangu alimfafanulia yote, habari ya ndani na habari ya nje, akimchorea chini kwa kijiti. Mama alisikiliza, kisha akasema, “Kwa hiyo ni membamba. Basi yawekeni hivyo hivyo, baba. Kwani mimi nakunywa kiasi gani?”

Mume wangu alianza kumweleza juu ya nguvu ya maji, akaishia njiani. Mimi niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Tukampatia mtu mwenye punda awe anampelekea madumu ya maji. Alipokea kwa shukrani, akawanywesha mbuzi. Yeye mwenyewe aliendelea kushuka korongoni kwa sababu, alituambia, maji ya madumu yananuka. Tulimwomba, tukamgombeza kwa heshima, akaitikia yote. Na alfajiri moja akiwa anapanda na ndoo, mguu ukateleza pale kingo zilipomeguka. Nyonga ilivunjika. Waliomkuta walisema alikuwa amekaa kitako, ndoo ameikumbatia, na maji yaliyobaki humo hakutaka yamwagwe.

Hospitali walifanya walichoweza kwa mtu wa umri wake, wakaturuhusu tukamuuguze nyumbani. Alikataa Dodoma, tukampeleka kwake. Mume wangu alichukua likizo, akawa analala chini pembeni ya kitanda chake. Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi. Wiki ile ile ofisi ikafanya sherehe ya kukamilisha kuhamia milimita. Kulikuwa na pilau na soda, na hotuba kwamba idara yetu imekuwa mfano wa kuigwa. Wanakamati walipewa vyeti. Jina la mume wangu lilipotajwa wakanigeukia, nikasimama, nikakipokea kwa niaba yake, na watu wakapiga makofi. Sijui kwa nini nilisimama. Nilikiacha juu ya meza pembeni ya sahani yangu, na aliyekikuta akanirudishia kesho yake akidhani nimekisahau.

Mama alifariki siku mbili tatu baada ya hapo, wakati wa adhuhuri, watoto wa shule wakipita njiani. Wanawake wa kitongoji walishuka korongoni na kurudi na maji ya kumwoshea. Ndoo zilikuwa nyingi, mtu mmoja akaona lile jiwe bapa karibu na mlango wa jikoni, akaziweka pale. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Maji ya mchangani yana ubaridi wake, hata jua likiwa kali. Tuliyamimina kidogo kidogo, kwa mazoea, ingawa siku ile yalitosha.

Kabla ya kumvisha sanda, bibi mmoja, mkubwa wao, alitoa ufito, akaulaza kando ya marehemu kuanzia utosini mpaka nyayoni, akaukata. Ndivyo wafanyavyo kule. Ufito unapelekwa kwa wanaochimba kaburi, nao wanajua la kufanya. Haukuwa na namba yoyote. Bibi akanikabidhi niutoe nje, nikaufikisha mlangoni, na aliyekuja kuupokea alikuwa mume wangu. Futi kamba ilikuwa bado imo mfukoni mwa shati lake, naamini hakujua kama anayo.

Aliushika ule ufito kwa mikono miwili. Aliutazama kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiitumia ofisini kuulizia kazi, “Mmepima kwa ndani au kwa nje?”

Wanaume waliokuwa nyuma yake hawakuelewa. Mimi nilielewa, na moyo wangu ulivunjika pale pale mlangoni, mikono yangu ikiwa bado na maji. Nikamwambia, “Tumempima yeye mwenyewe. Huo ndio urefu wake.”

Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. Alibaki amesimama na ule ufito mpaka mjomba wake akaja akamshika bega, kwa sababu wachimbaji walikuwa wanasubiri kipimo.