Trekta Lenye Boneti ya Jingine

Baba alifariki asubuhi, na ilipofika alasiri walikuwa wamekwisha kumzika. Saa za Doha na za nyumbani ni zile zile, kwa hiyo najua kabisa nilikuwa nafanya nini wakati anateremshwa kaburini: nilikuwa nakunja vitambaa vya mezani kwenye mgahawa ninamofanya kazi, pale The Pearl, mkabala na boti za matajiri. Kaka alinipigia saa tatu asubuhi. Nilimsikiliza, nikasema "Inna lillahi," nikamuuliza mama yuko na nani, kisha nikavaa aproni. Sikumwambia mtu. Si kwamba nilikuwa nikificha. Sikuona la kusema. Nilikula, nikapanda basi kurudi Fereej Bin Mahmoud tunakoishi, nikalala. Wenzangu wa chumbani waliniona niko vile vile.

Wiki ya tatu ndipo trekta lilipoletwa.

Mwenye mgahawa, Mqatari wa makamo, alilinunua kwenye shamba moja la kaskazini, limekaa miaka bila kuwashwa. Alitaka liwe pambo la mlangoni, wageni wapigie picha. Lilipakwa rangi nyekundu mpya kuanzia pua hadi mkia. Kilichobaki ni kibao cha kueleza ni trekta gani na la mwaka gani. Meneja wetu, Mlebanoni, alituita kabla ya kufungua akauliza kama kuna anayejua. Kibati cha namba, ambacho hupigwa ribiti chini ya usukani, hakikuwepo. Yalibaki matundu.

"Hiyo ni modeli mia moja thelathini na tano," alisema mlinzi wa mlangoni, Mkenya wa Eldoret. "Kwetu ziko mob, kila shamba. Cheki boneti, iko na pembe. Ile ya zamani, thelathini na tano, boneti yake ni ya mviringo."

Kuhusu boneti alisema kweli. Meneja akaanza kuandika. Ningenyamaza, maana wiki hizo nilikuwa nanyamazia kila kitu, lakini nikajisikia nikisema, "Boneti inabadilishwa."

Wote wakanigeukia.

"Wewe unajua matrekta?" meneja aliuliza.

"Nimekulia gereji."

Alinipa mpaka kesho yake.

Ukweli ni kwamba sikuwahi kushika spana. Baba, Mrangi wa Kondoa, alihamia Hanang kutengeneza matrekta ya mashamba ya ngano, na uani kwetu hapakukosa trekta lililofunguliwa tumbo. Mimi nilipeleka chai tu. Aliyemshikia taa ni mama.

Kesho yake nilifika mapema, nina kitambaa na kipande cha msasa, nikampigia mama. Mama yuko eda, hatoki nje miezi minne na siku kumi, kwa hiyo simu huipokea mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kuna trekta hapa, wanasema ni mia thelathini na tano, nataka ulione."

"Washa video."

Nililizunguka na simu taratibu, mbele mpaka nyuma. Nilifika kwenye boneti. Akaniambia niinue. Niliinua kwa shida, maana upande mmoja ulikuwa unagusa rejeta.

"Umeona? Si ya kwake hiyo. Baba yako angekuwepo angeshaanza kutukana." Akakohoa. "Sasa tafuta pampu ya dizeli. Ina vibomba vyembamba vinavyokwenda kwenye nozeli, juu ya injini. Vihesabu."

"Vinne."

"Hesabu tena. Kwa kidole."

"Vinne, mama."

"Basi si mia thelathini na tano. Ile ikiwa ya dizeli ina silinda tatu, kila moja na kibomba chake. Hiyo ni thelathini na tano, zile za mwanzo. Asubuhi ya baridi haziwaki mpaka uzibembeleze. Baba yako alikuwa hazipendi hata kidogo." Kisha akaniambia nikwangue ubavuni mwa gia boksi, mahali pasipoonekana.

Nilipiga msasa. Nyekundu ikatoka, ikafuata ya kijivu, na chini kabisa ikatokea rangi kama ya shaba.

"Leta karibu," alisema. Niliona jicho lake moja kubwa kwenye simu. "Shaba hiyo. Hizo ndizo za kwanza, kiwanda hakijaanza kupaka nyekundu. Miaka minne mitano kabla ya Uhuru. Mwaka wenyewe bila kibati usiape."

"Yote haya umeyajulia wapi?"

"Nimshikie mtu taa miaka thelathini, nisijue?"

Nilikuwa bado nimeielekeza simu kwenye lile doa la shaba.

"Unalia?" aliuliza.

"Hapana."

"Na mimi kilio hakiji. Tangu tumzike watu wanakuja, wananitazama usoni, wananisubiri." Akavuta pumzi. "Haya, nenda kazini."

Tulikuwa tumeongea dakika arobaini. Tangu msiba hatukuwahi kufikisha tano.

Mlinzi alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki.

"Dada, nimeskia mamako akisema mlizika. Nani?"

"Baba."

"Lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Na umekuwa ukikuja job kila siku?"

"Nifanye nini?"

Alikivuta kiti chake cha plastiki mpaka kivulini, akanishikisha kile kikombe. "Keti tu," alisema. Niliketi, nikanywa chai yake yote. Yeye alisimama kando, amenipa mgongo, akiwazuia wenzetu wasinijie na maswali, mpaka saa ya kufungua.

Mwenye mgahawa alikuja siku ya Ijumaa baada ya swala. Meneja alikuwa amemweleza, lakini alitaka kuona mwenyewe. Alichuchumaa na kanzu yake nyeupe, akahesabu vile vibomba, akasugua ile shaba kwa kidole gumba. Aliposimama kidole kilikuwa na grisi.

"Nani alikufundisha?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Wazazi wangu. Baba ni fundi."

"Yuko hapa Doha?"

"Hapana. Yuko nyumbani."

"Mwambie nashukuru sana."

"Nitamwambia."

Mlinzi alinitazama, kisha akatazama kwingine. Nilingoja nione kama uongo ule utaniuma. Haukuniuma. Kulikuwa na meza ya watu sita inasubiri maji, nikaenda.

Kibao kiliwekwa, kimeandikwa sawa, bila mwaka kamili. Nilikipiga picha nikamtumia mama, akajibu kwamba herufi ni ndogo mno.

Likizo yangu iliangukia baada ya yeye kutoka eda. Alinipokea stendi, akasema nimekonda. Asubuhi yake tulikwenda makaburini na jembe moja. Nililima majani, yeye akayakusanya, tukapokezana. Tulimwombea baba dua, tukarudi kwa njia ya sokoni kwa sababu nyumbani hapakuwa na vitunguu.